Shetani wa Kusingiziwa

Kila kiangazi, kahawa ikishauzwa na watu wakiwa na vijisenti, mikutano ya injili hutapakaa kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, na wimbo ni ule ule: anayetambikia mahoka, mizimu ya wahenga, anaabudu shetani. Vipaza sauti vinanguruma hadi usiku wa manane, mgonjwa halali, mwanafunzi hasomi, na hakuna anayeuliza: nani kasema? Tuhuma hii ina kasoro moja isiyotibika. Shahidi wake siku zote ni mshtaki mwenyewe, mshtakiwa haulizwi.

Watazameni Wayazidi wa kaskazini mwa Iraki. Wanamwamini Mungu mmoja aliyeukabidhi ulimwengu kwa malaika saba, mkuu wao Tausi Melek, mwenye sura ya tausi. Dini yao imepokezanwa kwa tenzi za kuhifadhi kichwani, na kitovu chake ni bonde la Lalish, alipozikwa Sheikh Adi bin Musafir katika karne ya 12. Majirani wakasikia habari za malaika huyo, wakaamua ndiye Ibilisi. Kwa Wayazidi hata kulitamka jina la shetani ni mwiko, lakini nani awasikilize? Agosti 3, 2014, wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliivamia Sinjar. Wanaume wakauawa kwa halaiki, wanawake na wasichana wakauzwa utumwani. Mwaka 2016 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakayaita mauaji ya kimbari. Uongo wa karne nyingi ulishawaandalia wauaji kisingizio.

Huku kwetu, wamisionari Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898 waliwakuta Wangoni wakimtaja Chapanga, Muumba. Mzee anayenyunyiza unga kaburini, akamwaga pombe na kuyataja majina ya marehemu wake mmoja mmoja, anawaomba wamsemee kwa Chapanga huyo. Mkatoliki anayewaomba watakatifu wamwombee angepaswa kuwa wa mwisho kushangaa. Wahubiri watajibu kwamba Mungu hanywi pombe. Kweli, na mahindi je, anakula? Mbona siku ya mavuno altare inajaa magunia na kuku waliofungwa miguu, kisha misa ikiisha vinapigwa mnada? Wengine watasema tuhuma hizi ni maneno tu. Maneno tu ndiyo yaliyowaua vikongwe wa Usukumani, waliosingiziwa uchawi na kukatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Anayetaka kujua mzee wa kijiji cha Litembo anamwabudu nani, azime kipaza sauti, apande mlima, akamuulize. Asipotaka kuuliza, anachokihubiri ni umbea juu ya jirani, na umbea hauchangiwi sadaka.