SEHEMU TATU KATIKA TANO



Twasikia maneno yakinenwa barazani hapa Kilangala, nasi tumeona si vema yapite bila jibu. Yasemwa ya kuwa Chama hiki ni cha watu wa kalamu. Kwamba afyekaye kando ya barabara na abebaye magunia ghalani wana shida zao, na sisi tuna zetu. Wako na waongezao ya kuwa ujira si jambo la dini: aliyeonewa avumilie, malipo yake yako mbinguni. Sisi twasema maneno hayo mawili ni uongo mmoja uliovaa kanzu mbili.

Na tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yetu. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochungua mishahara ya watumishi wa Serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilitoa kanuni ya kuwa mtumishi asiye Mzungu, hata akishika kazi sawa na ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano. Yaani penye shilingi 100 za mwenzake, zake ni 60. Kazi ile ile, dhamana ile ile. Ngozi ndiyo iliyokatwa shilingi 40. Watumishi Waafrika waliipinga kanuni hiyo, na Tume ya Lidbury ya 1953 na 1954 ikaiacha, ingawa walioajiriwa kutoka ng'ambo waliendelea kupewa nyongeza yao.

Hesabu hiyo ina kaka yake Marekani. Katiba ya nchi ile, iliyoandikwa mwaka 1787, iliagiza ya kuwa katika kugawa viti vya Bunge kila mtumwa ahesabiwe kuwa sehemu tatu katika tano za mtu. Neno hilo halikufutwa mpaka mwaka 1868. Hatusemi Tume ya Holmes ilinakili. Twasema roho yake ni ile ile. Mtu hupunguzwa kwanza kitabuni, ndipo apunguziwe mkononi. Nasi watu wa pwani ya Kilwa na Lindi, ambako misafara ya watumwa ilishukia, hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha maana ya mtu kuandikwa pamoja na mizigo.

Sasa twawajibu wasemao dini haihusiki. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo wa 13 alitoa waraka wake juu ya hali ya wafanya kazi, uitwao Rerum Novarum. Alifundisha ya kuwa wafanya kazi wanayo haki ya kuungana katika vyama, na ya kuwa ujira haupasi kupungua kiasi cha kumtunza mfanya kazi mwenye kujizuia. Tena akasema neno ambalo kila karani alipaswa kulibandika ukutani: mtu akikubali ujira mdogo kwa sababu ya dhiki, mapatano hayo si haki, bali ameonewa kwa nguvu. Wapi hapo palipoandikwa avumilie? Na wenzetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, wamefundishwa na Mtume ya kuwa kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi ni dini ipi itakayotetea kucheleweshwa kwake?

Tena tazameni mwaka 1963. Alhamisi Kuu, tarehe 11 Aprili, Papa Yohane wa 23 alitoa waraka Pacem in Terris, akazihesabu haki za kila binadamu, na kusema ubaguzi wa rangi hauna tena sababu ya kuutetea. Kesho yake, Ijumaa Kuu, Mchungaji Martin Luther King alitiwa gerezani katika mji wa Birmingham kwa kuongoza maandamano ya kupinga ubaguzi. Barua aliyoiandika gerezani ina tarehe 16 Aprili. Yeye alikuwa Mbatisti, si Mkatoliki. Lakini alipotaka kuonyesha ya kuwa sheria isiyo haki si sheria, aliwataja Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Siku tano, mmoja Roma na mmoja gerezani, na fundisho moja: utu wa mtu hautoki kwa Serikali wala kwa tajiri, kwa hiyo hao hawawezi kuupunguza.

Na huyo King alifia wapi? Hili ndilo jibu letu kwa wasemao Chama ni cha watu wa kalamu. Tarehe 1 Februari 1968, katika mji wa Memphis, mashine ya gari la taka iliwaua wachukuzi wawili. Tarehe 12 wenzao Weusi wapata 1,300 waligoma, wakaandamana na mabango yaliyosema kila mmoja wao ni mtu. King, mwenye shahada ya udaktari wa elimu ya dini, alikwenda kusimama pamoja na wachukua taka, akauawa huko tarehe 4 Aprili. Tarehe 16 mwezi ule ule mji ukakubali chama chao na nyongeza ya ujira. Kama elimu ile haikuona haya mbele ya taka, cheti chetu cha shule kinaona haya ya nini mbele ya jembe?

Mwalimu Nyerere, mwana wa Kanisa hilo hilo, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York, mwezi wa Oktoba 1970, ya kuwa Kanisa lisiposhiriki kupinga mipango inayowatia watu katika umaskini na unyonge, litakuwa halina maana kwa watu. Neno hilo lawapasa hata vyama. Chama cha watumishi kinachotetea meza na kusahau jembe, maana yake ni nini?

Katiba yetu ya 1977, katika kifungu cha 23, yampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 yakataza ubaguzi na kuruhusu vyama. Maandishi yapo. Lakini kibarua asiyeandikwa siku ya kwanza, akaandikwa siku ya nne, amelipwa sehemu ngapi? Na awekaye dole gumba penye karatasi asiyosomewa, amekubali nini? Hapo hakuna Tume wala Mzungu. Pana kalamu tu, na kalamu ina mwenyewe.

Papa Pio wa 11 alifundisha mwaka 1931 ya kuwa jambo linalowezekana kwa jumuiya ndogo, jumuiya kubwa isiwanyang'anye. Basi tusingoje Dodoma. Twataka mkutano ujao wa Chama ukate mambo matatu. Kwanza, kila kibarua aandikwe siku ile ile aanzapo kazi, na ujira waliopatana uandikwe mbele ya jina lake. Pili, siku ya malipo orodha isomwe kwa sauti kabla mtu hajatia dole. Tatu, mlango wa Chama ufunguliwe kwa matarishi, wafagizi na vibarua, kwa ada wanayoiweza.

Watakaosema mnyonge hana haki, na waseme mkutanoni, majina yao yaandikwe.

Ni sisi wenzenu,
Makarani wa Kilangala.