Usichague Gereji kwa Mng'aro wa Rangi

Gari linapogongwa, aghalabu mwenyewe huuliza maswali mawili: ni shilingi ngapi, na litatoka lini? Akisharidhika na majibu hukabidhi funguo na kwenda zake. Siku ya kulichukua hulizunguka mara mbili, hujitazama uso wake katika boneti kama atazamaye kioo, hulipa, hushukuru, akaondoka. Nami nimepata kufanya vivyo hivyo. Baada ya misimu miwili ya mvua rangi ya gari langu ilivimba mfano wa ngozi iliyoungua, na nilipoibonyeza kwa kidole, kidole kilizama. Chini ya rangi palikuwa na puti, na chini ya puti hapakuwa na bati tena, palikuwa na kutu. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kutumia miaka kadhaa ng'ambo nikisomea tabia za metali, na nilikuwa nawafundisha wengine somo hilo hilo.

Mwaka huu jambo hilo limenirudia kwa mlango mwingine. Mpwa wangu, kijana aliyepata fedha kidogo kwa maparachichi huko Njombe, alijinunulia Toyota Altezza, gari dogo la kasi lililotengenezwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005. Alilipenda kupita kiasi. Karibu na njia panda ya Makambako lori lililokuwa mbele yake lilisimama ghafla, naye akaliingia kwa nyuma. Alinipigia simu jioni ile.

"Shikamoo mjomba. Mimi nimepona, ila gari limekunja uso."

Nilimpa pole, kisha tukazungumza juu ya mafundi. Alikuwa amekwisha kuwaona wawili. Wa Makambako alimwahidi siku nne, na kwa hisani yake angemwekea bati nene mbele ili gari lisikunjike tena. Wa Njombe alisema wiki tatu. Bei hakuitaja, bali alichukua kamba akawa anapima huku na huku. Mpwa wangu alimwona huyu wa pili kuwa mzee asiyejua kazi. Zaidi ya hayo alitaka, maadamu gari limo gerejini, lishushwe chini na kuwekewa bawa nyuma, lifanane na magari ya mashindano.

Napenda wasomaji, hasa walimu wa fizikia na kemia na wanafunzi wao, tuyatazame maneno ya mafundi hao wawili kwa jicho la sayansi.

Kwanza tuwatendee haki mafundi wa Makambako. Mji ule umekaa mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo hapo. Malori hayakatiki usiku wala mchana. Fundi aliyekulia katika mji kama huo amejifunza kazi yake kwenye malori, na kwa malori sidhani kuna wa kumfundisha. Lakini lori lina chasisi, yaani mihimili miwili mikubwa ya chuma inayobeba kila kitu. Kichwa na bodi vimewekwa tu juu yake kama nyumba juu ya msingi. Ukiongeza bati nene kwenye bodi ya lori huharibu kitu kikubwa.

Gari dogo la siku hizi halina msingi wa namna hiyo. Tangu Waitaliano walipotoa Lancia Lambda mwaka 1922, wahandisi walianza kuifanya bodi yenyewe ndiyo ibebe mzigo. Bati lake kwa sehemu nyingi halifiki unene wa milimita moja. Nguvu zake hutokana na umbo, yaani mikunjo, mabomba na masanduku yaliyoungwa pamoja. Chukua ganda la kiberiti, utoe kile kisanduku cha ndani, kisha ulisukume kwa upande: litalala mara moja. Rudisha kisanduku chake, halitalala. Karatasi ni ile ile, kilichobadilika ni umbo. Kwa gari la kasi jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu gari hilo hutegemea bodi isiyopindika ili magurudumu manne yashike barabara sawasawa katika kona. Bodi iliyopinda kwa sentimita moja tu huweza kupakwa rangi ikang'aa kama dhahabu, na bado gari likavuta upande mmoja hadi siku litakapouzwa kwa mtu asiyejua.

Ndiyo maana ile kamba ya mzee wa Njombe ilinifurahisha. Sehemu ya chini ya gari ina vitundu na vifundo ambavyo kiwandani viliwekwa kwa jozi, kulia na kushoto. Fundi hushusha timazi kutoka kila kimoja, huweka alama ya chaki sakafuni, kisha hupima mshazari mmoja na mwingine. Ikiwa mishazari ni sawa, na pande ni sawa, umbo halijapinda. Ikiwa si sawa, bodi imekwenda upande hata kama jicho halioni. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza amekwisha kuisoma hesabu hiyo katika jometri, ila hakuambiwa kwamba kuna mtu huko mtaani anayeipatia riziki. Gereji kubwa zenye mitambo ya kuvuta na kupimia kwa mwanga zafanya jambo lilo hilo kwa gharama kubwa. Gereji isiyopima kwa chochote, hata kamba, isikushawishi kwa lolote.

Sasa tuje kwenye lile bati nene. Hapa hatari ni ya roho ya mtu. Mhandisi Béla Barényi, aliyefanya kazi na Mercedes-Benz, ndiye aliyepata hataza katika miaka ya 1950 ya wazo ambalo wengi walilicheka: kwamba pua na mkia wa gari vikunjike kwa urahisi, na chumba cha watu kibaki imara. Mwaka 1959 magari ya kampuni hiyo yaliyojengwa kwa wazo hilo yalianza kuuzwa. Tukokotoe. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kwa sekunde. Likigonga ukuta na pua yake ikakunjika kwa sentimita 60, mpunguo wa kasi unaowapata walio ndani ni, kwa wastani, kiasi cha mara 16 ya mvutano wa ardhi. Fundi akiiimarisha pua ile kwa bati nene hata ikawa haikunjiki zaidi ya sentimita 20, mpunguo huo hufika karibu mara 49. Mwili hauna haja ya kuelezwa tofauti ya tarakimu hizo. Kwa hiyo fundi anaposema gari halitakunjika tena, kile alichokiondoa kwenye bati amekihamishia kwenye kifua cha dereva. Anasema hivyo kwa nia njema kabisa, na mteja humlipa zaidi kwa ajili hiyo.

Kuna suala la moto pia. Fundi wa bodi hunyoosha bati lililotanuka kwa kulipasha kwa gesi mpaka liwe jekundu, kisha hulipoza kwa kitambaa chenye maji, nalo hujikunyata. Kwa chuma laini cha zamani, chenye kaboni kidogo sana, ni mbinu nzuri, na yahitaji mkono wenye maarifa. Lakini mihimili ya magari ya miaka hii hutengenezwa kwa chuma cha nguvu nyingi, ambacho ugumu wake umetokana na kupozwa kwa ghafla kiwandani. Kipashe nyuzi 600 za Sentigredi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo huondoka isirudi. Chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani kikikaribia nyuzi 500 na kitu. Hivyo jicho linapouona wekundu mchana kweupe, madhara yamekwisha kutendeka. Mhimili wa namna hiyo ukikunjika vibaya hubadilishwa; haunyooshwi kwa moto.

Alumini ni mtihani mwingine. Magari kadhaa ya michezo, Mazda MX-5 likiwa mojawapo, yamekuwa na boneti la alumini ili kupunguza uzito. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika kuwa nyekundu. Fundi anayeungoja wekundu ataona boneti ladondoka chini kama uji. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mtu gari la aina hiyo muulize: hili ni bati la nini? Akichukua sumaku ili akujibu, huyo ana mwanzo mwema.

Sumaku hiyo hiyo ndiyo silaha ya mnunuzi. Rangi ya kiwandani ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi moja ya daftari. Weka karatasi 20 juu ya bati, kisha ujaribu sumaku ndogo. Utahisi jinsi mvuto unavyofifia. Ndivyo inavyokuwa juu ya puti ya milimita mbili. Puti yenyewe si uovu. Ni poliesta iliyochanganywa na unga laini wa madini, hugandishwa kwa peroksaidi kidogo, na kazi yake ni kusawazisha vijishimo ambavyo nyundo haikuvimaliza. Uovu ni kuifanya mbadala wa nyundo. Unga ule hunywa maji, na puti iliyopakwa nene juu ya bati bichi lenye unyevu huwa sifongo iliyofungiwa ndani ya rangi.

Unyevu huo ndio unaoifanya Njombe isiwe kama Dar es Salaam. Mji uko juu sana, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari au zaidi kidogo, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu hukaa mpaka saa nne za asubuhi. Tina inapokauka huondoa joto kwenye bati, kama vile spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Bati likishuka chini ya kiwango cha umande, maji ya hewani huganda juu yake na rangi huwa na weupe kama wa maziwa. Wapakaji rangi ya chuma duniani wana kanuni nyepesi: joto la bati lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 walau. Asubuhi ya Njombe yenye nyuzi 12 na unyevuanga wa asilimia 90, kiwango cha umande ni kama nyuzi 10.4. Tofauti haifiki hata nyuzi 2. Fundi anayepaka wakati huo kwa kuwa mteja anafoka barazani, anapaka kutu ya mwaka ujao. Makambako kwa upande wake kuna upepo, tena upepo mashuhuri uliowavutia hata wenye mipango ya kufua umeme. Gari linalopakwa rangi chini ya mti huko hupata vumbi lote la kiangazi. Kibanda cha kupakia rangi, hata kiwe cha maturubai yaliyolowanishwa sakafu, ni alama njema ya gereji.

Niongeze jambo ambalo wateja hatulitazami kabisa. Rangi nyingi za magari za siku hizi huchanganywa na kigumishaji chenye isosayaneti. Ukungu wake ukivutwa huweza kusababisha pumu isiyopona, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Ukimwona saidia fundi wa miaka 17 akipuliza rangi ya namna hiyo na leso usoni, ondoka na gari lako. Sisemi hivi kwa huruma pekee. Gereji isiyojali mapafu ya kijana wake haitajali mhimili usioonekana wa gari lako.

Kuhusu kushusha gari na kuliwekea bawa, nilimwambia mpwa wangu machache. Springi ikikatwa huwa ngumu zaidi: yenye mizunguko 6 ikibaki na 4, ugumu wake huongezeka mara moja na nusu, na matuta ya barabarani hayatakatwa kuilingana. Nalo bawa, nguvu yake hufuata mraba wa mwendo. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika makazi ya watu, linafaa kuanikia nguo.

Najua jibu la wengi: wiki tatu bila gari ni hasara, na fundi mzuri ni ghali. Ni kweli. Lakini haraka hiyo huwafundisha mafundi tabia mbaya. Anayepima hukosa wateja, anayefunika huwapata. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunza mtaani, nao ni mwema. Lakini cheti hakitamsaidia mzee wa kamba ikiwa sisi wateja, tuliosoma, twapendelea siku nne. Nawasihi walimu wa sekondari za Njombe na Makambako wawapeleke vijana gerejini alasiri moja, wakiwa na kipimajoto chenye utambi mkavu na utambi mbichi kutoka kituo cha hali ya hewa cha shule, kamba, na sumaku. Wamwombe fundi ruhusa kwa heshima, wapime, na waulize. Baadhi ya majibu watakayopewa hayamo katika kitabu chochote nilichosoma ng'ambo.

Mpwa wangu alinung'unika, kisha akalipeleka gari Njombe. Mishazari ilipishana kwa milimita 14. Mihimili ya mbele imebadilishwa kwa iliyotolewa katika gari jingine la aina hiyo, springi hazikuguswa, na gari sasa liko juu ya matofali likisubiri rangi. Juzi alinipigia tena kulalamika: ukungu umekaa siku ya tano mfululizo, na mzee amekataa kufungua kopo.