Kasuku Safarini: Hatari Iko Chini, Si Angani

Mtumishi apatapo barua ya uhamisho, kutoka Bukoba kwenda Dodoma kwa mfano, vitanda hufunguliwa, vyombo hufungwa kwa magazeti, na watoto huulizwa mara mbili kama wamesahau madaftari. Kasuku hukumbukwa mwishoni. Kitundu chake husukumwa nyuma ya gari, katikati ya godoro na dumu la mafuta, kisha hufunikwa turubai ili vumbi lisimfikie. Akifika amekufa, sababu nyingi huzushwa: kwamba hewa ya ugenini imemkataa, kwamba alikuwa na huzuni ya kuhama, kwamba safari ilimpandisha milima asiyoizoea. Aghalabu hakuna hata moja iliyo kweli. Ndege huyo ameuawa na turubai, na dumu la mafuta, na ile saa moja gari liliposimama juani wenyewe wakila chakula cha mchana.

Vifo vya namna hii huitwa ajali, na hilo ni jina lisilostahili. Hutokana na kutojua jinsi mwili wa ndege unavyofanya kazi, na elimu hiyo si ya chuo kikuu. Imo katika biolojia na fizikia zifundishwazo sekondari. Kinachokosekana ni kuitoa darasani na kuipakia garini.

Kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu ambaye makao yake ya asili ni misitu ianzayo Afrika Magharibi na kupita Kongo hadi magharibi ya Kenya na kaskazini-magharibi ya Tanzania, ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi. Katika mwili huo mdogo mna mtambo wa kupumua ulio tofauti kabisa na wa binadamu. Mapafu ya mtu hujaa na kupwa kama mfuko: hewa huingia na kutoka kwa njia ile ile, na hewa mpya huchanganyika na kuukuu iliyobaki ndani. Ndege hana mpango huo. Mwilini mwake mna vifuko vya hewa, kwa kawaida tisa, vifanyavyo kazi kama mivukuto ya mhunzi. Huisukuma hewa ipite mapafuni kuelekea upande mmoja tu, avutapo pumzi na aitoapo pia. Kwa hiyo damu yake huchota oksijeni kwa ufanisi kupita wa mnyama anyonyeshaye aliye na ukubwa ule ule.

Lakini ufanisi huo huo ndio umponzao, maana mapafu hayachagui kilicho chema. Chochote kilichomo hewani huchotwa upesi vivyo hivyo. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walilijua jambo hili na kulitumia: kwa shauri la mwanasayansi John Scott Haldane, lililotolewa katika miaka ya 1890, walishuka migodini na vitundu vya ndege wadogo aina ya kanari. Ndege alipoyumba na kuanguka, watu walikimbia, kwani kaboni monoksaidi ilikuwa imekwisha kumpata yeye kabla haijawapata wao. Desturi hiyo ilidumu hadi mwaka 1986, ilipotangazwa kwamba vyombo vya elektroniki vitashika nafasi ya ndege.

Gari kuukuu lenye bomba la moshi lililotoboka ni mgodi utembeao. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Dereva aliye karibu na dirisha huenda asihisi lolote, na kasuku aliye nyuma, chini ya turubai, akawa amekwisha kuzimia. Mvuke wa petroli, moshi wa sigara, na yale manukato makali yaning'inizwayo mbele ya dereva, yote humfikia kwa njia ile ile. Mahali pake ni ndani ya gari pamoja na watu, kitundu kikiwa kimefungwa kwa mkanda ili kisipinduke breki zishikwapo. Upande mmoja wa kitundu ufunikwe kitambaa chepesi apate pa kujificha na mataa na malori. Pande nyingine ziachwe hewa ipite.

Joto ni adui mkubwa zaidi. Ndege hana tezi za jasho. Mwili wa kasuku una joto la karibu nyuzi 41 za sentigredi hata akiwa mzima, na likizidi hana dawa ila kuhema mdomo wazi na kuziachanisha mbawa na mbavu zake. Hewa inayomzunguka ikishakuwa na joto kuliko damu yake, kuachanisha mbawa hakumsaidii kitu. Hubaki kuhema tu, na kila akihema hupoteza maji. Sasa na yatazamwe yatokeayo garini. Vipimo vilivyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la madaktari wa watoto vilionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, na kwamba asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika dakika 30 za mwanzo. Kuacha kioo wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Siku yenye nyuzi 28 nje, ndani ya gari huweza basi kufika nyuzi 50. Dakika 30 ni muda wa kuagiza wali na kuungoja.

Shule haihitaji maabara kulithibitisha jambo hili. Kipimajoto kimoja, gari la mwalimu mmoja aliye radhi, na saa ya ukutani vyatosha: namba iandikwe kila dakika tano, mara ya kwanza gari likiwa juani, mara ya pili chini ya mwembe, na wanafunzi wachore grafu mbili. Kasuku hahitajiki katika jaribio hilo, wala asitumiwe.

Kuhusu safari ya angani, hofu ya watu imewekwa mahali pasipo pake. (Kiswahili kimempa kiumbe na chombo jina moja, hapa chombo kitaitwa eropleni.) Wengi hudhani kwamba kule juu kasuku atakosa pumzi. Ukweli ni kwamba eropleni kubwa za abiria husukumiwa hewa ndani, hivi kwamba hewa ya chumbani haiwi nyembamba kuliko ile ya mahali palipoinuka mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, umeinuka kupita hapo na una ndege tele. Tena mwaka 1973, juu ya Abidjan, eropleni iligongana na tumbusi wa Rüppell ikiwa kwenye kimo cha mita 11,300 hivi, ambapo mtu angezimia upesi. Kasuku si tumbusi, lakini mapafu yao yamejengwa kwa ramani moja.

Yampatayo kasuku hupatikana chini, kwenye saruji ya uwanja. Sanduku lake huachwa juu ya kitoroli saa sita mchana likingoja kupakiwa, eropleni huchelewa, mpakiaji hulilaza ubavu kwa kuwa halina alama. Chama cha mashirika ya usafiri wa anga duniani, IATA, kimekuwa na kanuni za kuchukua wanyama hai tangu mwaka 1969, na zinafaa kusomwa na wengi. Sanduku liwe na nafasi ya mnyama kusimama kama kawaida yake. Ndege watuao juu ya miti wawe na kijiti cha kushika. Vyombo vya maji na chakula viweze kujazwa kutoka nje. Na maandishi ya kueleza kwamba ndani mna mnyama hai yaonekane, pamoja na mishale ya kuonyesha upande wa juu. Aliye na hiari na achague safari ya usiku au ya alfajiri, isiyobadilisha eropleni njiani. Dawa ya kumlaza asipewe ila kwa amri ya daktari wa mifugo.

Kisha kuna vibali, ambavyo watu wengi huvihesabu kuwa usumbufu wa maofisa. Hapa yafaa historia ikumbukwe. Tangu mwaka 1975 kasuku wa kijivu zaidi ya 1,300,000 waliokamatwa porini wameandikwa katika kumbukumbu za biashara halali ya kimataifa, na hesabu hiyo haiwataji waliokufa ndani ya matenga kabla ya kufika uwanjani. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kasuku hao wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 2016, mkutano wa nchi za mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg uliwahamishia katika Jedwali la Kwanza, lenye masharti makali kuliko yote, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Kwa hiyo kasuku wa nyumbani avukaye mpaka huhitaji idhini ya nchi atokayo na ya nchi aendako, pamoja na cheti cha afya yake. Asiye navyo humficha ndege ndani ya mfuko au chini ya kiti, na hapo yale yote yaliyokwisha kusemwa juu ya hewa na joto hukutana kwa pamoja.

Cheti cha afya nacho kina asili yake. Katika miaka ya 1929 na 1930 homa ya kasuku, ugonjwa wa mapafu uletwao na bakteria, iliingia Ulaya na Marekani kwa kasuku waliosafirishwa kutoka Amerika ya Kusini, ikaua watu. Kuvuta vumbi la mavi yake yaliyokauka hutosha kumwambukiza mtu, na ndani ya gari lililofungwa vumbi hilo halina pa kwenda.

Watakuwapo wasemao kwamba mazungumzo haya ni anasa katika nchi ambazo abiria wenyewe hubanana mabasini. Hoja hiyo ina uzito, lakini huangukia upande mwingine. Vipimo vile vya joto la magari havikufanywa kwa ajili ya ndege. Vilifanywa kwa ajili ya watoto wachanga waachwao garini na wazazi waendao dukani mara moja. Na yule kuku aliyefungwa miguu akaning'inizwa kichwa chini juu ya keria, au aliyesongamana na wenzake tengani kutoka Singida, ana vifuko vya hewa vile vile na hana jasho vile vile. Mchuuzi akifika sokoni na robo ya tenga imekufa, hasara ni yake. Atakayejifunza kwa kasuku mmoja hatashindwa kuitumia elimu hiyo kwa kuku mia.

Hata hivyo, shauri lililo bora kwa kasuku wengi ni kutosafiri kabisa. Ndege huyu huishi miaka 40 na zaidi akitunzwa vema, hukumbuka watu na mahali, na fadhaa ya muda mrefu humfanya ajinyonyoe manyoya. Kwa likizo ya wiki mbili, jirani aliyezoeana naye na aliyeonyeshwa namna ya kumlisha ni bora kuliko kiti chochote cha gari. Ahamaye moja kwa moja ndiye hasa anayelazimika kumchukua, naye na aanze mapema: kitundu cha safari kiwekwe nyumbani siku kadhaa kabla, kisha zifanywe safari fupi za kuzoea, ya kwenda sokoni na kurudi. Njiani apewe vipande vya tango au tikiti maji, kwani maji ya kikombe humwagika. Parachichi asipewe hata kidogo, ingawa huuzwa kila kituo na abiria hulitoa kwa wema. Lina sumu iwezayo kumuua kasuku.

Atakapofika na awekwe chumba cha peke yake, mbali na jikoni na mbali na kuku wa mwenyeji, kwa majuma manne au zaidi, huku chakula chake na mavi yake vikitazamwa kila asubuhi.