Chumba Kimoja, Kalamu Mbili

Siku hizi nyumba nyingi zina mume na mke wafanyao kazi za karatasi na kompyuta katika chumba kimoja. Twaonelea fedha zianzie kwenye chokaa nyeupe: bei yake ni nafuu, na hurudisha mwanga. Aandikaye kwa mkono wa kulia, dirisha liwe kushotoni kwake, kivuli kisimwangukie karatasini. Wazee wa Lamu walijenga zidaka ukutani. Asiye nazo na apigilie ubao. Chini, mkeka wa ukindu watosha. Lakini tumeona bwana ashikapo dirisha, na bibi akasukumwa penye giza kwa kuwa mshahara wake ni mdogo. Hilo hatulikubali, dirisha lipewe mwenye kuandika sana, au wapokezane.