Mizani Mbili kwa Damu Moja



Wasomaji wetu watukufu, mwezi huu tulikusudia kuendelea na maneno yetu juu ya haki za jirani. Lakini limetokea jambo chuoni kwetu lililotulazimisha kuyaahirisha. Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka kumi na miwili, alifika darasani amenuna, wala sauti yake haikusikika katika kusoma. Tulipomdadisi alisema kwamba alikuwa akishuka kutoka Mkuyuni katika gari la abiria, amevaa kanzu na kofia, juzuu yake kifuani. Abiria mmoja akamwita gaidi, na waliokuwamo wakacheka. Kisha mtoto akatuuliza: "Maalim, gaidi ni nani?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwambia angoje, maana swali la mtoto likijibiwa kwa hasira humharibu, na likijibiwa kwa woga humharibu zaidi. Haya tunayoyaandika ndiyo majibu yetu kwake, na kwa wazazi wote ambao watoto wao wataulizwa au kuitwa hivyo.

Sisi wakazi wa Morogoro hatuna haja ya kufundishwa maana ya mizani mbili. Mkulima wa Mgeta hulima kabichi na viazi katika miteremko ya Uluguru, mahali ambapo jembe huliinua kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili hujishika asiporomoke. Siku ya kuuza, gunia lake hujazwa hata likapita mdomo, likavishwa kilemba cha kamba, likaitwa lumbesa, naye akalipwa bei ya gunia moja. Mchuuzi yule yule akifika mjini huuza kwa kilo, wala hazidishi hata kiazi kimoja. Sheria ya vipimo yakataza lumbesa, na lumbesa ipo. Kwa watu wa namna hii Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin. Kila nyumba ina msahafu. Tunawaomba muufungue na kuisoma pamoja na watoto wenu.

Basi ikiwa viazi vimeteremshiwa sura, itakuwaje damu ya wanadamu?

Tuanze na yaliyo karibu nasi. Mwaka 1969, baina ya mwisho wa Aprili na tarehe 1 Mei, chama cha ANC cha Afrika ya Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa hapa mjini Morogoro. Mwaka 1977, baada ya watoto wa shule kupigwa risasi Soweto mwezi wa Juni 1976, Serikali yetu iliwapa wakimbizi wale shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, wakajenga shule. Waliiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Sisi tulikuwa watoto wakati huo. Tuliwaona sokoni wakinunua ndizi kwa Kiswahili cha kubabaisha, na mama zetu wakiwaongezea chane moja kwa huruma. Huko kwao waliitwa magaidi. Na si kwao tu, kwani mpaka mwaka 2008 sheria ya Marekani iliwahesabu hivyo. Nelson Mandela, aliyekwisha kuwa Rais wa nchi yake, alihitaji ruhusa maalumu kuingia Marekani.

Je, Umoja wa Mataifa ulifanya nini? Ulikuwa umetangaza Haki za Binadamu mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948, na baadaye ukatamka kwamba ubaguzi wa rangi ni jinai juu ya wanadamu wote. Lakini ilipotakiwa mwezi wa Oktoba 1974 kuitoa Afrika ya Kusini katika Umoja huo, Marekani, Uingereza na Ufaransa zilipiga kura ya turufu, shauri likafa. Makaburi ya wakimbizi wale yako Mazimbu hata leo, na shule yao imekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Kwa hivyo jambo la kwanza tunalomwambia mtoto wetu ni hili: jina la gaidi si ushahidi. Mwenye nguvu aweza kulibandika kwa amtakaye, na aliyedhulumiwa akalivaa miaka arobaini.

Lakini tusisimame hapo, kwani atakayesimama hapo atapotea. Yako matendo ambayo jina hilo yanalistahili. Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa siku ya Ijumaa. Baada ya saa nne asubuhi, wakati watu wa Nairobi wapo kazini, bomu lililipuka katika Ubalozi wa Marekani, na jumba la jirani la Ufundi likaporomoka juu ya waliokuwamo. Wakafa watu 213. Dakika chache baina yake, bomu la pili likalipuka katika Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, wakafa watu 11. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu, na wengi wao walipoteza macho kwa vigae vya vioo. Katika wale 11 wa Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa watu wetu, walinzi na vibarua na wapita njia. Wawili kati ya waliohukumiwa kifungo cha maisha mjini New York kwa tendo hilo, mmoja mwaka 2001 na wa pili mwaka 2011, ni watu wa Zanzibar, watoto wa nyumba za Kiislamu kama zetu.

Hili tunaliandika kwa uchungu, na tunaliandika makusudi. Suratun Nisaa, aya ya 135, yatuamuru tuwe mashahidi wa haki hata juu ya nafsi zetu. Na Suratul Maida, aya ya 32, imekwisha kueleza uzito wa kuua nafsi moja isiyo na hatia. Mwenye kuua mpita njia asiyemjua, kisha akadai kuitetea dini, ameitukana dini hiyo kuliko adui zake. Hata wapigania haki wa Afrika ya Kusini hawakusamehewa kipimo hiki: mwezi wa Oktoba 1998 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya nchi yao ilisema vita vyao vilikuwa vya haki, na papo hapo ikasema kwamba baadhi ya matendo yao yalivunja haki za watu. Huo ndio uadilifu. Tendo hupimwa kwa tendo.

Sasa tutazame mizani ya wakubwa. Baraza la Usalama lililaani mauaji yale tarehe 13 Agosti 1998, siku sita tu baadaye, na lilifanya vema. Tarehe 20 mwezi ule ule Marekani ikarusha makombora, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum, ikidai kwamba kinahusika na sumu ya vita. Sudan iliomba Baraza lipeleke wachunguzi wakatazame vifusi. Hawakupelekwa. Yule mtu wa Zanzibar aliyehukumiwa mwaka 2011 alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akafichwa katika magereza ya siri, kisha akawekwa Guantanamo. Kesi yake haikusikilizwa mpaka mwaka 2010. Mwuaji naye ana haki ya kuhukumiwa mbele ya macho ya watu. Asipohukumiwa hivyo, waliofiwa hunyimwa kuijua kweli kwa wakati wake.

Na fidia je? Mwaka 2020 Sudan ilikubaliana na Marekani kutoa dola milioni 335 kwa waliodhurika katika mashambulio, yakiwamo yale ya 1998. Mgao wa raia wa Marekani uliwekwa juu sana kuliko wa Mwafrika aliyefanya kazi katika ubalozi ule ule, na mpita njia wa Nairobi aliyepofuka hakuhesabiwa. Hiyo, ndugu zetu, ni lumbesa ya damu.

Tungeweza kutaja mengine. Aprili 1994, Wanyarwanda walipokuwa wakichinjwa, Baraza la Usalama lilipunguza askari wake wakabaki 270. Mahakama ya Arusha ikaja baada ya makaburi. Lakini tusiwanyoshee wageni kidole peke yao. Arusha hiyo hiyo iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwezi wa Novemba 2019 Serikali yetu wenyewe iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuishitaki huko moja kwa moja. Mwenye nyumba alifunga mlango wa baraza iliyo uani kwake.

Je, dhuluma hizi zatupa ruhusa ya kudhulumu? La, hasha. Suratul Maida, aya ya 8, imeuziba mlango huo: chuki ya watu isitutoe katika uadilifu. Anayemnong'oneza kijana kwamba mizani ya wakubwa imepinda, na kwa hivyo naye apinde yake, ni mwizi wa watoto wetu.

Yuko kigezo bora. Kabla ya utume, Makka ilifika siku mfanyabiashara mgeni kutoka Zabid, Yemen, akadhulumiwa mali yake na Al-As bin Wail, mtu mkubwa wa Kikureshi. Mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea. Watu wa heshima wakakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na aliyedhulumiwa, awe nani, mpaka haki yake irudi. Wakaondoka wakaenda mlangoni kwa Al-As, wakaichukua mali, wakampa mwenyewe. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwapo akiwa kijana, na baada ya utume alisema kwamba lau angeitwa tena katika mapatano kama yale angeitikia. Kiapo hicho, Hilful Fudul, hakikuwa na turufu ya mkubwa, nacho kilikuwa na miguu. Umoja wa Mataifa una viapo vingi. Miguu ndiyo haba.

Basi tulimwita mtoto wetu tukamwambia: "Gaidi ni yule amwuaye au amtishaye asiye na hatia ili apate atakalo, akiwa na kanzu au suti, akiwa pangoni au ikuluni. Wewe si yeye. Vaa kanzu yako. Na ukimwona mtoto wa dini nyingine anachekwa garini, usicheke, simama upande wake."

Akaitikia, akafungua juzuu yake, akasoma kwa sauti.

Wazazi wetu, someni aya tulizozitaja pamoja na watoto wenu usiku mmoja wa mwezi huu, kisha waulizeni wamezifahamuje. Asiyeulizwa nyumbani atafundishwa njiani. Inshallah mwezi ujao tutarejea kwa haki za jirani.

Wabillahi tawfiq.