Waendesha baiskeli nao watengewe njia

Nina dukuduku langu kuhusu jambo ambalo wengi huliona dogo, lakini kwetu sisi tunaotegemea magurudumu mawili ni jambo la kufa na kupona. Jambo lenyewe ni njia za baiskeli.

Mimi ni mkazi wa Sekei, hapa Arusha. Nilianza kupanda baiskeli nikiwa mwanafunzi, na ingawa sasa nina wajukuu sijaiacha. Kila Jumamosi alfajiri hushuka barabara ya Moshi kwenda sokoni Tengeru. Na mara moja kwa mwaka, mavuno ya mahindi yakiisha, hufunga blanketi kwenye keria, hujaza maji chupa mbili, nikaenda Mto wa Mbu kumsalimu mdogo wangu. Ni safari ya zaidi ya kilometa 100, yote kwa lami. Nalala Makuyuni, kesho yake naingia Mto wa Mbu kabla jua halijawa kali.

Wengi huniuliza kwa nini nisipande basi. Nauli ninayo. Lakini aliyepita nchi hii kwa basi ameiona dirishani tu. Ukiwa juu ya baiskeli unaachana na mashamba ya kahawa, unaipita Kisongo, halafu nchi inafunguka. Mlima Meru unabaki mgongoni. Mbele yako ni mashamba yaliyobaki mabua, kisha mbuga ya nyasi kavu, ng'ombe na wachungaji wao. Watu wanakusalimu na wewe unaitikia. Ukipata pancha, watoto watatu wanafika kabla hujashusha baiskeli. Nimejifunza mengi juu ya kilimo na mvua za mkoa huu kwa kusimama kunywa chai njiani kuliko kwa kusikiliza redio.

Lakini Ndugu Mhariri, kila mwaka safari hiyo inazidi kunitia hofu, na nyumbani wananisihi niiache. Lami ni ile ile, ila wanaoigombania wameongezeka. Yapo malori, mabasi, magari ya watalii yanayokimbilia mbugani, na siku hizi bodaboda. Gari likitaka kulipita jingine, wewe wa baiskeli ndiwe unayetakiwa kutoweka. Ukitoka ukingoni unakuta lori limeegeshwa, au lami imemeguka na kuacha kidaraja cha kukuangusha.

Mwaka jana, kwenye barabara ya Moshi, kijana mmoja wa jirani yangu aligongwa na haisi iliyokuwa inaipita nyenzake. Alikuwa amebeba madumu mawili ya maziwa kutoka huku juu mlimani, kama anavyofanya kila asubuhi, na fedha za maziwa hayo ndizo zinazomsomesha mdogo wake. Alivunjika mguu. Baiskeli ilikunjika kama kikapu, na maziwa yote yakamwagika barabarani. Watu walipokusanyika, nilimsikia bwana mmoja akiuliza, "Na huyu naye alikuwa anatafuta nini barabarani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Namjibu bwana yule kwamba kijana alikuwa anakwenda kazini, na alipita pale kwa sababu hakuna pengine pa kupita. Barabara ilijengwa kwa fedha za wananchi, na yeye ni mwananchi.

Wakubwa watasema nafasi haipo. Mimi nasema ipo, tena kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande, kutoka mita 22.5 zilizokuwapo. Wengi wetu tunaikumbuka kwa zile alama za X nyekundu zilizochorwa kwenye kuta za nyumba. Watu walivunja vibanda vyao na kurudi nyuma ili kuipisha barabara. Baiskeli mbili kupishana kwa raha zinahitaji mita mbili tu. Katika mita 30 hizo, hatuwezi kupata mbili?

Wala wahandisi wetu hawashindwi. Jijini Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, njia za waenda kwa miguu na za baiskeli zilikuwa zimejengwa pamoja nayo kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kumbe linalotakiwa ni kuziweka kwenye ramani tangu mwanzo, kabla mkandarasi hajaleta greda.

Nitatoa mfano wa mbali kidogo, kwa kuwa unahusu ukurasa kama huu. Katika jimbo la Illinois, Marekani, kulikuwa na reli iliyounganisha Chicago na miji ya magharibi yake, na mwaka 1957 iliacha kubeba abiria. Ardhi ya reli ikawa inamezewa mate na watu wa kila aina. Mwaka 1963 mama mmoja mtaalamu wa mimea, May Theilgaard Watts, aliandika barua kwa mhariri wa gazeti la Chicago Tribune. Aliomba ardhi ile isigawanywe, bali iwe njia ya watu wa miguu na baiskeli, na mimea ya asili ya mbuga iliyosalia kando ya reli ihifadhiwe. Wasomaji waliungana naye, wakajitolea, na njia ikapatikana. Leo ina urefu wa karibu kilometa 100, nayo inaitwa Njia ya Mbuga. Yote hayo yalianza kwa barua moja tu ya msomaji!

Jimbo jirani la Iowa, ambalo ni nchi ya mahindi na soya, limekwenda mbali zaidi. Huko iko njia ya baiskeli ya lami na zege yenye kilometa zaidi ya 140, iitwayo Raccoon River Valley, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1989. Inapita katikati ya mashamba, kutoka mji mdogo hadi mji mdogo. Tena tangu mwaka 1973, kila Julai, maelfu ya watu hulivuka jimbo hilo zima kwa baiskeli, wakilala katika miji midogo na kula kwa wenyeji. Hao si maskini. Wengi wao wana magari, wameyaacha nyumbani.

Naomba nieleweke. Sisemi reli yetu igeuzwe njia ya baiskeli. Reli ya Arusha ilifufuliwa, na mwaka 2020 treni ya abiria ikarudi. Iendelee hivyo hivyo! Sisi nafasi yetu iko kandokando ya barabara, katika zile mita 30.

Na wageni wa baiskeli tunao tayari. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na safari ya baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, nayo hupita hapa Arusha na watu wake hupumzika. Mto wa Mbu, vijana wanakodisha baiskeli kwa watalii na kuwatembeza kwenye migomba na mashamba ya mpunga. Mgeni wa gari hupita kijijini vioo vimefungwa, fedha yake ikaishia hotelini. Mgeni wa baiskeli huona njaa kila baada ya saa mbili. Hununua ndizi, chai, chapati na maji, na jioni hutafuta pa kulala. Huyo ndiye mtalii wa mama lishe na fundi baiskeli.

Wapo watakaosema kwamba njia ikijengwa itajaa bodaboda na meza za biashara. Ni kweli inaweza kutokea, nami nimeona njia za miguu zikigeuka maduka. Lakini dawa ya mwizi haijawa kuacha kujenga nyumba. Viwekwe vizuizi vifupi vya zege, na wasimamizi wasimamie. Wengine watasema baiskeli ni usafiri wa zamani, sasa tumeendelea. Hao nawaomba wasimame siku moja alfajiri kwenye barabara ya Moshi wahesabu wanaoteremsha maziwa, ndizi na majani ya ng'ombe. Mji wa Arusha unakunywa chai ya maziwa kila asubuhi, na sehemu ya maziwa hayo inafika kwa baiskeli.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza, barabara yoyote mpya ya lami itakayopita kwenye mashamba kuzunguka Mlima Meru iwe na njia ya baiskeli iliyotengwa na magari tangu kwenye michoro, na fedha zake zihesabiwe humo humo.

La pili, tuanze na ile barabara ya mchepuo ya kilometa 42.4 inayouzunguka mji upande wa kusini, kati ya barabara ya Namanga na ile ya Moshi. Inapita mahali pa wazi na kwenye mashamba, na mlima unaonekana wote. Nyumba zinazidi kujengwa huko, nasi tukichelewa tutajikuta tunavunja tena kuta za watu kwa alama za X. Ikipata njia ya baiskeli, mkulima ataitumia Jumatatu hadi Ijumaa, na mgeni pamoja na watoto wetu wataifaidi Jumamosi na Jumapili.

La tatu, sisi wenyewe wananchi tusikae tukisubiri. Vijiji vinavyopitiwa na barabara vinaweza kupanda miti ya kivuli, kuchimba mitaro na kulinda alama. Mimi na wenzangu wa hapa Sekei tuko tayari kutoa siku zetu na majembe yetu.

Yule kijana mguu umeunga, ingawa anachechemea. Amenunua baiskeli nyingine iliyotumika, na kila asubuhi anateremka tena na madumu yake, katika barabara ile ile, upande ule ule. Mama yake hukaa mlangoni mpaka amwone amerudi. Nawaomba wanaohusika na barabara zetu wamfikirie mama huyo kabla ya kupitisha mchoro mwingine.

Mpanda Baiskeli Mzee,
Sekei, Arusha.