Galaxy A16: Skrini si hoja

Wadau, wengi wanaisifia Samsung Galaxy A16 eti skrini imekua kutoka inchi 6.5 za A15 hadi 6.7. Hiyo ni mbwembwe tu. Betri ni ileile ya 5,000 mAh, kasi ya kuchaji haijaongezeka, na tundu la iafoni wameling'oa! Hapo wametukosea sisi abiria wa matatu.

Hoja ni hii: A16 imeahidiwa matoleo mapya 6 ya Android na miaka 6 ya masasisho ya usalama. A15 ilipewa 4 na 5. Simu zetu za lipa mdogo mdogo ndizo benki zetu. Ulipe mwaka mzima, halafu programu ya benki ije kuikataa simu kwa uzee? Mwenye A15 nzima atulie nayo. Ambaye simu yake haipati masasisho tena, achukue A16.